Neno la Mume na Mke

"Wamekuita ukapike, Mwatima. Hawakukuita ukae."

Bi. Mwanabaraka aliyasema hayo amempa binti yake mgongo, anapepeta mbaazi kwenye sinia. Ndivyo alivyokuwa. Maneno makali aliyasema mikono yake ikiwa na kazi, ili asilazimike kumtazama mtu usoni.

Mwatima alikuwa mbele ya kioo kilichotundikwa juu ya sinki, katika chumba chao cha kupanga kule Woolwich, anajifunga mtandio wa zambarau kwa mara ya tatu. Nje ilikuwa Jumapili ya kijivu, na moshi wa makaa ulikuwa umeshuka hadi madirishani.

"Mama, mama yake Kishor hata jirani yake hamruhusu kugusa sufuria zake. Leo ananiita mimi jikoni kwake. Huoni maana yake?"

"Naona mtu anahitaji mpishi."

"Kishor kaniapia kwamba atakuja kwako kuniposa. Kasema yuko tayari kwa lolote, hata kusilimu."

"Kakuapia kwa Mungu gani?"

Mwatima aliufungua tena mtandio. Bi. Mwanabaraka alizimimina mbaazi kwenye mfuko, akaufunga fundo na kumkabidhi. Wakati huo ndipo alipomtazama. Alimtazama sana, kama vile siku zile walipokuwa wakiondoka Unguja alivyoitazama nyumba yao bila kujua kama ataiona tena.

"Nenda, mwanangu. Lakini ukiona umesimama peke yako, ondoka. Usingoje kufukuzwa."

Ulikuwa mwaka ule ambao ndege zilishusha Wahindi waliofukuzwa Kampala kila siku, wengine na sanduku moja, wengine na nguo za mwilini tu. Kina Kishor hawakuwa miongoni mwao. Wao walitangulia miaka minne nyuma kutoka Mombasa, wakafungua duka Tooting, si la viungo wala la vitambaa kama wenzao, bali la mawigi. Wanawake wa London walikuwa wameyapenda mawigi kama wazimu, na mawigi mazuri yalitoka Korea, ndani ya maboksi membamba, nywele nyeusi zimelazwa kwenye karatasi laini.

Mwatima aliajiriwa kuyachana, kuyapanga na kupokea simu. Kwenye simu hiyo ndipo yote yalipoanza.

Wakala wa kiwanda cha Korea, Bwana Han, alikuwa mtu mpole aliyeishi London na mkewe, Bibi Yun. Alipiga simu mara kwa mara. Siku moja Kishor alimwambia Mwatima, "Tumfurahishe mzee. Ukiinua simu ukasikia ni yeye, usiseme halo. Sema yoboseyo."

"Yobo-nini?"

"Yo-bo-se-yo. Ndiyo halo yao. Lakini ni la kwenye simu. Kastoma akiingia mlangoni usimwambie hivyo, atakushangaa."

Mwatima alijifunza. Alilisema mbele ya mawigi, alilisema ndani ya basi, alilisema huku akiosha vyombo mpaka mama yake akauliza anasoma uganga gani. Bwana Han alipolisikia mara ya kwanza alicheka kwa furaha upande wa pili wa waya.

Baada ya wiki kadhaa, wakiwa wawili tu stoo wanashusha maboksi, Kishor alisema polepole, "Yobo, nipokee hili."

"Umekata mkia wa neno," Mwatima alimcheka.

"Likikatwa mkia linakuwa neno jingine."

"Linakuwa lipi?"

Kishor aliliweka boksi chini. Alikuwa na macho makubwa yenye kope ndefu, na alipotaka kusema jambo la kweli aliyainamisha kwanza, halafu akayainua taratibu. Siku ile aliyainua hivyo hivyo.

"Bibi Yun kanifundisha. Mume humwita mkewe yobo, na mke humwita mumewe yobo. Hakuna mwingine. Hata wachumba hawaitani hivyo. Ukilisema kwa mume wa mtu, umemtukana mkewe."

"Basi mimi huwezi kuniita."

"Ndiyo maana nakuita."

Mwatima alihisi masikio yake yanawaka. Tangu siku hiyo aliitwa yobo mbele ya watu wote, na hakuna aliyejua. Yobo, leta kitana. Yobo, kastoma huyu anataka la kahawia. Mama yake Kishor, Mama Bhanu, akiwa amekaa kwenye kiti chake kirefu pale kaunta, hakuinua hata uso. Mwatima alikuwa akiolewa mchana kutwa chini ya pua ya mkwe wake, na moyo wake ulicheza kwa siri hiyo.

Ndiyo maana Jumapili hii, Mama Bhanu alipomwomba aje nyumbani awapikie mbaazi za nazi na mahamri wageni aliosema wameikumbuka pwani, Mwatima aliona mlango umefunguliwa.

*

Mama Bhanu mwenyewe ndiye aliyempokea.

"Karibu, mwanangu. Umekuja na baridi yote hii! Vua koti."

Mwanangu! Mwatima aliinama kumwamkia. Mama Bhanu alimfunga aproni kwa mikono yake, akamwonyesha chumvi ilipo, nazi ilipo, unga ulipo. Jikoni kulikuwa na masufuria mengine yanachemka, yaliyofunikwa. Mwatima hakuyaulizia.

Alipokuwa akikanda unga, Kishor aliingia. Amevaa suti mpya ya bluu, nywele zimelowa mafuta.

"Mbona umependeza hivi?" Mwatima alinong'ona.

Kishor hakumtazama. Alitazama unga. "Wageni wa Mama. Si kitu. Yobo, nivumilie leo tu. Lolote utakaloliona, nivumilie."

"Nitaona nini?"

Kabla hajajibu, Mama Bhanu alikuwa mlangoni. Alitabasamu kwa wote wawili.

"Kishor, baba yako anakuita. Wageni wamefika."

Waliingia kwanza Bwana Han na Bibi Yun, mwanamke mdogo wa umbo, ana lulu shingoni. Halafu waliingia watatu ambao Mwatima hakuwajua: mzee mwembamba aliyevaa koti la kupewa lenye mikono mirefu kuliko yake, shangazi mmoja mwenye sauti kubwa, na msichana wa sari ya waridi aliyeshika pindo la sari hiyo kama mtu anayeogopa kuikanyaga.

"Huyu ndiye Sudha," Mwatima alimsikia Mama Bhanu akisema sebuleni. "Kishor, mkaribishe."

Mahamri ya kwanza yaliungua mafutani. Mwatima aliyatoa, akayatazama, akaweka mengine. Suti. Mafuta ya nywele. Nivumilie leo tu.

Chakula kilipopakuliwa, yalitoka masufuria yale mengine yaliyofunikwa. Mbaazi zake zilibaki jikoni. Mahamri walipelekewa Bwana Han na mkewe peke yao.

Maneno ya mama yake yalimjia, na alikuwa ameshaanza kufungua aproni aondoke, Mama Bhanu alipomwita kutoka sebuleni.

"Mwatima! Lete chai, mwanangu. Kisha njoo ukae nasi."

Ukae nasi! Aliibeba sinia akaingia. Kweli kiti kilikuwepo, kimewekwa kati ya Bibi Yun na shangazi, kinamtazama Kishor uso kwa uso. Mwatima alikaa. Alijiambia kwamba mama yake alikosea. Alijiambia kwamba labda wageni hawa walikuja kwa jambo jingine, au labda Kishor ameshasema, na mama mtu amekubali. Moyo unaopenda hautaki ushahidi mkubwa.

Mama Bhanu alimimina chai taratibu. Kisha akageuka, akasema kwa Kiingereza chake cha dukani ili wote wasikie.

"Bibi Yun, nisaidie mimi mzee. Kuna neno la kwenu nalisikia dukani kwangu kutwa. Yobo. Yobo hapa, yobo pale. Maana yake nini?"

Kijiko cha Kishor kiligonga kisosi.

Bibi Yun alicheka, akaziba mdomo kwa vidole. "Oo, hilo ni neno la nyumbani! Mimi humwita huyu." Alimgusa mumewe begani, na Bwana Han akawa mwekundu. "Mke kwa mume, mume kwa mke. Huwezi kumwita mtu mwingine, hata kwa mzaha. Nani anaitwa yobo dukani?"

Mzee wa koti la kupewa aliweka kikombe chini. Sudha, ambaye tangu aingie alikuwa akitazama zulia, aliinua macho.

"Kishor?" Mama Bhanu aliuliza kwa upole. "Nani anaitwa hivyo?"

Mwatima alimtazama Kishor. Ilikuwa nafasi yake. Alitakiwa kusema jina moja tu, na jina lenyewe lilikuwa limekaa mbele yake, limevaa mtandio wa zambarau. Kishor aliyainamisha macho, na Mwatima akangoja ayainue, kama alivyongoja siku ile stoo.

Aliyainua, akacheka.

"Ah, Mama! Ni la simu lile. Yoboseyo. Nilimfundisha huyu apokee simu za Bwana Han." Hakulitaja jina lake. "Sasa huyu ulimi wake mzito, hawezi kulimaliza. Nimemrekebisha mpaka nimechoka. Kila simu ikilia, yobo, yobo. Kastoma akija, yobo. Na mimi nikamwigiza kwa utani, basi."

Shangazi alipasuka kicheko. Baba yake Kishor akacheka pia, kwa nafuu.

"Hebu tusikie," Mama Bhanu alisema. Sasa alisema Kiswahili, na sauti yake ilikuwa laini mno. "Mwatima, mwanangu, simu inalia. Bwana Han huyu hapa anapiga. Unasemaje?"

Mwatima aliona jinsi Kishor anavyomtazama. Hakumtazama hivyo hata siku moja, hata siku za mapenzi yao matamu kabisa. Alikuwa anamsihi. Paji la uso wake lilikuwa limelowa. Mwatima alijua kwamba akilisema neno lote, silabi zake nne, Kishor atakuwa mwongo mbele ya watu. Akilikata, yeye atakuwa mpumbavu.

Alimgeukia Bwana Han.

"Yobo," alisema.

Walicheka wote. Shangazi alijipiga paja. "Kamwita mumewe! Kamwita mumewe, na mke yupo!" Kishor alicheka zaidi ya wote, kicheko cha mtu aliyenusurika, na huku anacheka alijipangusa jasho kwa leso.

Bibi Yun hakucheka. Alimtazama Mwatima, akamtazama Kishor, na uso wake ukabadilika.

"Umelitamka vizuri sana," alimwambia Mwatima kwa sauti ndogo. "Aliyekufundisha hilo hakulifundisha kwa ajili ya simu."

"Chai zaidi, Bibi Yun?" Mama Bhanu alidakia.

*

Mwatima alisimama mbele ya sinki jikoni, maji yanatiririka, hakuna anachoosha. Mlango ulifunguliwa. Alikuwa Sudha, amebeba vikombe viwili.

"Unaweza kulisema lote," Sudha alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha Kampala, kilichonyooka kama fimbo. "Lile neno. Sema."

"Yoboseyo."

"Basi amesema uongo."

"Kamuulize mwenyewe."

"Nakuuliza wewe."

Mwatima alifunga bomba. "Nikikwambia, utamkataa?"

Sudha alifikiri. Hakuwa na haraka. Alikuwa na uso mzuri uliochoka, uso wa mtu ambaye hajalala kwenye kitanda chake mwenyewe kwa muda mrefu.

"Baba yangu alikuwa na nyumba yenye veranda pande zote," alisema. "Sasa analala kwenye kochi la watu Wembley. Asubuhi anaamka kabla yao na kukunja blanketi ili wasimwone. Siwezi kukataa mtu. Nilitaka tu kujua ninaolewa na mtu gani."

"Sasa umejua."

"Nimejua." Aliviweka vikombe chini. "Pole, dada," alisema, akatoka.

Kishor alikuja baada yake, akiwa na koti la Mwatima mkononi. Aliufunga mlango kwa kisigino.

"Umeniokoa. Wallahi, umeniokoa. Nitakulipa kwa hili."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje, mbele ya watu? Yule mzee angekufa pale pale. Wewe humjui Mama." Alimshika mikono. "Sikiliza. Jambo hili halikugusi. Sudha atakaa nyumbani na Mama, mimi na wewe tutakuwa dukani. Hakuna kitakachobadilika."

"Hakuna kitakachobadilika?"

"Hata kimoja. Nitaendelea kukuita vile vile."

Mwatima aliichomoa mikono yake. Alitamani kumpiga, na alitamani kuulaza uso wake kwenye ile suti mpya, na hakujua lipi lilimtia aibu zaidi.

"Kishor, huniiti tena kwa neno hilo. Rudi sebuleni. Sema mbele yao kwamba ulidanganya, kwamba ulimi wangu hauna uzito wowote. Hilo tu. Si lazima useme kwamba unanipenda. Mimi nakungoja kituoni, ng'ambo ya barabara."

"Sasa hivi?"

"Basi likija kabla yako, nimekwenda."

Kishor alimvalisha koti, akamfunga vifungo kimoja kimoja mpaka shingoni. "Nakuja," alisema. "Nipe dakika chache. Nakuja, yo..." Akajikata. Kisha akamfungulia mlango wa nyuma, ule wa kutolea takataka, na Mwatima akatokea uani.

*

Kituo kilikuwa karibu mkabala na nyumba. Mwatima aliweza kuona dirisha la sebule na vivuli vinavyopita. Basi la kwanza lilikuja, kondakta akamtazama, naye akatikisa kichwa. Lilipoondoka alijichukia. Alikuwa amesema basi likija anakwenda, na hapa amesimama bado.

Mlango wa mbele ulifunguka. Mwatima alipiga hatua moja mbele.

Alikuwa Mama Bhanu. Alivuka barabara amejitupia shali juu ya sari, na mikononi ana boksi la mithai, vitamutamu vya Kihindi vya kugawa kwenye furaha. Alifika akihema kidogo.

"Unangoja basi, au unangoja mtu?"

Mwatima alitazama upande linakotokea basi.

"Nilijua zamani, mwanangu. Mara ya kwanza tu nilipomsikia akikuita, nilimpigia simu Bibi Yun nikamuuliza maana. Masikini, leo hakujua kwa nini namuuliza tena."

"Ulijua?" Sauti ya Mwatima ilikuwa kama si yake. "Ulijua, ukaniita nikupikie?"

"Ningemkataza, angekupenda zaidi. Nimemzaa mimi, namjua. Nikasema, acha amkane kwa mdomo wake, na mwenyewe msichana awepo asikie."

"Mpaka mbele ya watu wote wale?"

"Ingekuwa faraghani, kesho angekuja kukulilia, na wewe ungemsamehe." Mama Bhanu alilifungua boksi. Vipande vyeupe vya mithai vilikuwa vimepangwa, na juu yake lozi. "Wamekubaliana. Onja, umpelekee na mama yako."

"Sitaki, mama."

"Onja. Mimi sikuchukii. Wewe ni msichana mwenye adabu. Kama ningekuwa na binti, ningetaka awe na mikono kama yako."

Aliokota kipande yeye mwenyewe, akakisogeza mdomoni mwa Mwatima kama anavyolishwa mtoto, akasubiri. Mwatima aliufungua mdomo. Hakujua kwa nini. Labda kwa sababu Mama Bhanu alikuwa mzee, labda kwa sababu yeye alikuwa ameitwa mwanangu mara nyingi mno siku ile. Sukari iliyeyuka ulimini mwake, na Mama Bhanu akaipangusa chembe iliyobaki mdomoni kwa ncha ya shali yake, taratibu, kwa huruma kabisa.

"Kesho usije dukani," alisema. "Utakuwa ukijitesa bure."

Basi la pili lilikuwa limeshapinda kona. Mwatima alimeza.

"Niambie kitu kimoja. Kishor aliporudi ndani, alisema nini?"

Mama Bhanu alilitazama boksi, akalifunika, akakikandamiza kifuniko mara mbili.

"Aliomba chai nyingine," alisema.

Mwatima alilipokea boksi kwa mikono miwili. "Hongera, mama," alisema, akapanda.

Alikaa upande wa dirisha, boksi magotini. Basi lilianza kutembea. Alikuwa ameapa kwamba hatatazama, akatazama. Pazia la sebule lilikuwa wazi. Kishor alikuwa amesimama karibu na kioo cha dirisha, kikombe mkononi, amegeuza kichwa kumsikiliza mtu aliyekaa nyuma yake, na alikuwa anacheka.